Mionzi haikuurudisha uvimbe wa mama

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kama mionzi aliyopigwa mama ndiyo iliyourudisha uvimbe wake wa saratani, maana ulinywea kabisa kisha ukaota tena. Pole sana. Hukukosea kumpeleka.

Unazijua ndago za shambani? Unafyeka mpaka pawe peupe, mvua ikinyesha zimeshachomoza, kwa kuwa vitunguu vyake vilibaki chini. Saratani kadhaa zina seli chache za namna hiyo, ndizo seli shina. Mionzi huua kwa kukata nyuzi za DNA, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Seli nyingine za uvimbe hushindwa kujiunga, zikafa. Hizi shina husimama kwanza, zikarekebisha palipokatika, ndipo zigawanyike tena. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walilionyesha hilo kwa saratani ya ubongo iitwayo glioma. Tena baadhi hukaa pasipofika oksijeni vizuri, na hapo mionzi hupungua makali.

Mama yangu mdogo tulimpeleka Mombasa siku baada ya siku, mistari ya wino ya kulengea mionzi shingoni tukiifunika kwa leso isifutike kwa jasho. Dozi hugawanywa hivyo ili sehemu za mwili zisizo na saratani zipate kupona katikati, na uvimbe upate oksijeni.

Sasa muulize daktari: umerudi palepale au pengine? Mkienda, chukueni karatasi ya dozi ya kwanza. Pale palipokwisha kupigwa hapapigwi tena bila kupiga hesabu ya ile ya zamani.