Mkataba wa pango ukiisha, mdhamini anabaki na deni gani?

Hapa Mwanza, kijana wa ukoo akitaka fremu Kirumba au chumba Nyegezi, na mwenye jengo akasisitiza apewe mtu wa kumshika, wa kwanza kufuatwa ni mwalimu, muuguzi au mtumishi mwingine mwenye mshahara. Nami nilimdhamini mtoto wa shangazi yangu aliyepanga fremu ya dagaa wa jumla karibu na soko la Mwaloni. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, kodi shilingi 150,000 kwa mwezi, ikilipwa miezi 6 kwa mkupuo. Mwaka ulipokwisha hakuhama wala hakuandika mkataba mpya. Aliendelea kulipa mwezi kwa mwezi, kisha malipo yakakatika. Ndipo mwenye fremu akanipigia simu na kuniambia, kwa upole kabisa, "Mwalimu, kwangu mimi mdhamini na mpangaji ni mtu mmoja."

Kauli hiyo ina ukweli nusu. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba wajibu wa mdhamini unalingana na wajibu wa mdaiwa mwenyewe, isipokuwa kama mkataba umeeleza vinginevyo, na ndiyo sababu mwenye jengo anaweza kumgeukia mdhamini bila kwanza kuhangaika na mpangaji hadi mwisho. Lakini wajibu huo unapimwa kwa ahadi iliyodhaminiwa, yaani masharti yaliyoandikwa na muda uliotajwa, na hapo ndipo wengi tunapotishwa tukalipa tusichodaiwa.

Jambo la kwanza, basi, ni kutenganisha madeni kwa tarehe. Deni lililozaliwa kabla ya siku ya mwisho ya mkataba halifi kwa sababu mkataba umekwisha. Kodi iliyopungua, bili ya maji iliyoachwa na uharibifu uliofanyika ndani ya muda vinabaki shingoni mwa mdhamini, na madai ya mkataba yanaweza kufikishwa mahakamani hadi miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Mwenye fremu wangu alikuja na daftari la mistari ambamo aliandika kodi ya mwezi mmoja iliyobaki katika mkupuo wa pili, shilingi 150,000, pamoja na shilingi 60,000 za kutengeneza mlango wa chuma ulionyofoka bawaba. Kuhusu mlango nilimwomba uthibitisho, naye akanionyesha ujumbe ambao mpangaji mwenyewe alimtumia, wenye tarehe ya kabla ya mkataba kuisha, akiahidi kumwita fundi. Nililipa vyote viwili, nikachukua risiti.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na kodi ya miezi 3 baada ya mkataba, kwa shilingi 200,000 kila mwezi. Hapa yapo mambo mawili, na yote yanastahili kusomwa polepole. La kwanza ni maneno ya kipengele cha dhamana. Kikiandikwa kwamba mdhamini atawajibika "kwa muda wa mkataba huu", kama kilivyokuwa changu, una hoja nzito kwamba miezi iliyofuata haikuhusu, hata kama mpangaji alibaki kwa ridhaa ya mwenye jengo na upangaji wao ukaendelea mwezi kwa mwezi. Kikiandikwa "pamoja na nyongeza zake zote" au "hadi mpangaji atakapokabidhi jengo", umo ndani bado, na mawakili wanaowaandikia wenye majengo wanaipenda sana sentensi hiyo. La pili ni ile shilingi 50,000 iliyoongezwa. Wawili hao walikubaliana kwa mdomo kupandisha kodi bila mimi kuulizwa, na sheria hiyohiyo inamwondolea mdhamini wajibu kwa yale yanayofuata baada ya masharti kubadilishwa bila ridhaa yake.

Nilimjibu, "Mzee, hizi 600,000 mdai uliyepatana naye." Hakufurahi. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye alisoma kipengele kwa sauti, akauliza swali moja tu: kodi mpya aliikubali nani? Mzee alifunga daftari, akaanza kumfuata mpangaji.

Aliyesaini kipengele kipana ana njia pia. Dhamana inayoendelea inaweza kusitishwa kwa taarifa kuhusu yale ya mbele, ingawa taarifa hiyo haifuti kilichokwisha kudaiwa, na si rahisi kuitumia kujinasua katikati ya muda maalumu uliokwisha kuudhamini. Kwa hiyo barua iandikwe kabla ya mkataba kuisha, iseme kwamba baada ya tarehe fulani hutadhamini kodi wala uharibifu wowote, nakala moja iende kwa mwenye jengo na nyingine kwa mpangaji, na kila mmoja aandike "nimepokea", tarehe na saini. Siku ya mwisho fika mwenyewe ukipige picha chumba, hasa milango, vitasa na mita ya LUKU, na uone funguo zikikabidhiwa. Mpangaji akisema anabaki, picha hizo ndizo zitakazoonyesha hali ya jengo ulipoliacha.

Kwa anayetaka kusaini leo, omba viongezwe vitu viwili tu: tarehe ya mwisho ya dhamana na kiwango cha juu cha fedha utakachowajibika nacho. Mwenye jengo akikataa vyote viwili, mimi nisingesaini, hata angekuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Zile 210,000 nilizilipa kwa niaba ya mtu, na mdhamini aliyelipa anachukua nafasi ya mdai dhidi ya mpangaji. Shangazi aliona ni aibu ndugu kudaiana. Nilimpelekea mwanawe nakala ya risiti, tukaandikiana kwamba atalipa kidogo kidogo kila akiuza mzigo, naye shangazi akasaini kama shahidi.