Baba mstaafu amekataliwa kuongezewa muda Marekani: anza na kalenda

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako juu ya baba mara mbili, na nimeona nijibu kwa urefu maana wengi waliotangulia wamekupa moyo tu. Umesema mzee ana miaka 68, mstaafu wa reli, aliingia Marekani kwa visa ya matembezi, mkaomba aongezewe miezi sita kwa fomu I-539, na sasa barua ya kukataliwa imefika hapo kwako Columbus. Wewe una kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu, unatarajia kuapa uraia mwakani. Jamaa wanakwambia, "Mzee akae tu, nchi hii ni kubwa, nani atamuuliza?"

Mimi ni mwalimu mstaafu, kwetu ni Voi. Barua ya namna hiyo niliipokea kwa mkono wangu Novemba 2023, nikiwa kwa binti yangu Minneapolis. Mjukuu nilikuwa nimemfunga mgongoni kwa leso ili alale, nikatoka kwenye baridi kufungua sanduku la barua, nikaisomea palepale mlangoni. Afisa hakuridhika kwamba nina makao Kenya ya kurudia. Kwenye ombi nilikuwa nimeeleza jinsi binti yangu anavyonihitaji na jinsi mtoto alivyonizoea, nikadhani nimejieleza vizuri. Hati ya shamba sikuweka. Karatasi ya pensheni sikuweka. Tiketi ya kurudi sikuweka. Nililia, sitaficha, nikihisi kama nimeitwa mwongo. Binti aliporudi kazini jioni hakunibembeleza sana. Aliitoa ukutani kalenda ya kanisa, akachukua kalamu, akaanza kuhesabu.

Nawe anza hapo hapo. Kabla ya wakili, kabla ya tiketi, kabla ya ushauri wa mtu yeyote.

Kwanza, sahau tarehe iliyo kwenye visa. Hata kama visa imeandikwa miaka mitano, hiyo ni ruhusa ya kubisha hodi, haisemi mgeni akae muda gani ndani. Siku za kukaa ziko kwenye rekodi inayoitwa I-94, na unaweza kuichapisha kwenye tovuti ya forodha na ulinzi wa mipaka yao kwa namba ya pasipoti. Kama ombi la baba liliingia kabla ya tarehe ya I-94 kwisha, na hakufanya kazi ya kulipwa, basi siku zote mlizokuwa mkisubiri jibu hazihesabiwi kuwa za kukaa kinyume cha sheria. Hesabu inaanza kesho yake ya siku barua ilipoandikwa. Angalia tarehe iliyochapwa juu ya barua, maana siku uliyoipokea wewe haihesabiki. Yangu ilikuwa imekaa njiani siku sita.

Kutoka tarehe hiyo hesabu siku 180, uizungushie duara. Sheria yao ya mwaka 1996 inasema hivi: akikaa zaidi ya siku 180 ndipo akaondoka, amefungiwa nje miaka mitatu. Akifikisha mwaka mzima ndipo akaondoka, ni miaka kumi. Kwa kijana wa miaka 25, miaka kumi inapita. Kwa mzee wa 68 unajua mwenyewe maana yake.

Kuna jambo watu wengi wa kwetu hawalijui, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Kwa anayetaka ukaazi wa kudumu, adhabu hiyo ina msamaha unaoweza kuombwa, lakini anayeomba lazima aonyeshe kwamba mumewe, mkewe au mzazi wake aliye raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani atapata shida kubwa mno. Mtoto hahesabiki. Mjukuu hahesabiki. Kwa hiyo baba mjane mwenye watoto wanne raia wa Marekani hana wa kumtaja katika ombi hilo la msamaha. Ndiyo maana nasema siku 180 kwa mzazi ni ukuta, hata kama kwa mwingine ni mlango mgumu.

Kanisani kwetu Minneapolis kulikuwa na mama mmoja wa Machakos aliyekuja kulea wajukuu, akapitiliza kwa miaka. Kila mtu alimwambia akae tu, na kweli hakuna aliyekuja kumuuliza. Kisha mumewe akafa nyumbani. Tulikwenda kukaa naye siku ya mazishi, saa nane za usiku za Minneapolis ni mchana wa Kenya. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai mezani, na kila mtandao ulipokatika alikuwa akiishika ile chupa kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo inayoondoka. Angeweza kupanda ndege, hakuna aliyemfunga. Lakini akitoka hatawaona tena watoto wake kwa miaka kumi, naye alikuwa na miaka 71. Sitaki baba yako afike kwenye usiku kama ule.

Sasa, njia zilizo wazi kwake.

Ya kwanza ni ile niliyoifuata: kuondoka mapema. Mimi niliondoka siku ya 19 tangu tarehe ya barua. Siku 19 hazina adhabu ya miaka, ingawa visa iliyokuwa kwenye pasipoti ilihesabiwa kuwa imebatilika, na nikajua nitaanza upya Nairobi. Zingatia hili: Marekani hakuna dirisha la uhamiaji la kugonga muhuri unapotoka. Hakuna wa kukuambia kwaheri kwa maandishi. Kwa hiyo ushahidi wa kuondoka unaubeba mwenyewe. Nilihifadhi kipande cha pasi ya kupandia ndege, risiti ya tiketi, na nilipofika Jomo Kenyatta nikahakikisha muhuri wa kuingia umegongwa na tarehe inasomeka. Yote niliyaweka kwenye bahasha moja pamoja na ile barua.

Bahasha hiyo ilinisaidia mwaka 2025 nilipoomba visa tena. Fomu ya kuombea visa, DS-160, inauliza wazi kama umewahi kukaa zaidi ya muda uliopewa. Wapo walioniambia nijibu hapana, "siku chache tu, hawataona." Nilijibu ndiyo, nikaeleza kwa sentensi tatu. Pale ubalozini Gigiri, Nairobi, afisa aliniuliza kwa nini nilichelewa kuondoka, nikamwonyesha ombi lililoingia kabla ya muda kwisha, tarehe ya kukataliwa, na muhuri wa kurudi. Safari hii nilikuwa na hati ya shamba na taarifa za pensheni. Visa nilipata. Siahidi kwamba baba naye atapata, afisa ana uhuru wake. Lakini uwongo kwenye fomu ile unaweza kukufungia nje ya Marekani maisha, na ukweli wa siku 19 unaelezeka.

Njia ya pili inategemea uraia wako, na hapa usikimbie. Mwenye kadi ya kijani hawezi kumwombea mzazi, nukta. Raia mwenye umri wa miaka 21 na zaidi anaweza, na mzazi wa raia hasubiri foleni ya miaka kama ndugu wengine. Tena, kwa kuwa baba aliingia kihalali na kukaguliwa mpakani, sheria inamruhusu kuomba ukaazi akiwa humo humo nchini hata kama muda wake umepita, kwa fomu I-130 (yako ya kumwombea) na I-485 (yake ya kuomba ukaazi) pamoja na hati yako ya kuahidi kumtunza, kwa kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka kulingana na idadi ya watu nyumbani. Hapo ndipo jamaa zako wanapopata ile hoja ya "akae tu, ukiapa utamtengenezea."

Hoja hiyo si ya uongo, na wapo waliofaulu. Ila pima yanayoweza kutokea katikati. Kiapo chako cha uraia hakijafika, na mahojiano ya uraia yanaweza kusogezwa. Tangu waraka wa tarehe 28 Februari 2025, idara yao ya uhamiaji imeelekezwa kumpa mtu wito wa mahakama pale ombi lake linapokataliwa na akabaki bila hadhi halali. Zamani barua ya kukataliwa iliishia kuwa barua. Sasa inaweza kufuatwa na karatasi nyingine ya kumwita mbele ya jaji, na asipotokea jaji anaweza kutoa amri ya kumfukuza bila yeye kuwepo. Baba akipata karatasi hiyo, asipande ndege na asikae kimya kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Na hata mkifanikiwa kuweka maombi, hawezi kutoka nje ombi likiwa linasubiri bila kibali cha safari kilichotolewa kabla. Dada yake akiugua Kenya, atasubiri.

Ukiniuliza mimi, kama kiapo chako kimebaki wiki chache na siku 180 bado ziko mbali, zungumza na wakili kuhusu kubaki. Kama ni "mwakani" tu bila tarehe, mzee arudi nyumbani akiwa safi, uape, kisha umwombee apitie ubalozi wa Nairobi. Akirudi kabla ya siku 180, milango yote miwili inabaki. Akizipita, umebaki mmoja, na huo unafunguka kwa ndani tu, yaani akiwa bado Marekani.

Kuhusu kukata rufaa: uamuzi wa I-539 hauna rufaa. Kuna ombi la kufungua upya au kuangalia upya kwa fomu I-290B, ndani ya siku 30, au 33 kama barua ilitumwa kwa posta. Ada ilikuwa dola 800 mara ya mwisho nilipoangalia. Linafaa kama kuna ushahidi mpya au afisa alikosea sheria waziwazi. Halisimamishi kalenda. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mtu mmoja aliyejiita mshauri wa uhamiaji, wa kwetu kabisa, anayezungumza Kiswahili kitamu, alimtoza binti yangu dola 900 akisema amekata rufaa na mimi nitulie hadi jibu lije. Hakuna kilichowasilishwa. Ningemsikiliza ningefika siku ya 200 nikingoja hewa. Wanaoruhusiwa kutoa ushauri wa sheria huko ni mawakili wenye leseni na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambao mara nyingi hufanya kazi kwenye mashirika ya hisani kwa ada ndogo. Muulize mtu leseni yake kabla ya kumpa hata senti.

Wengine watamwambia mzee aombe hifadhi ya ukimbizi. Kama kweli anaogopa kurudi, hiyo ni haki yake, na kwa kawaida huombwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Kama haogopi, msimfundishe hadithi. Akionekana amebuni, anaweza kufungiwa haki zote za uhamiaji daima, na wewe unayetaka kumwombea kesho utakuwa umemfungia mlango kwa mkono wako.

Ikiwa baba ana mtoto mwingine Kanada aliye raia au mkaazi wa kudumu, ulizeni visa yao ya wazazi na babu na bibi. Inaruhusu kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja, lakini huombwa akiwa nje ya Kanada, na bima ya afya ya dola 100,000 za huko ni lazima. Kwa wasomaji wasio Wakenya: tangu Juni 2025 Marekani imezuia visa za matembezi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na orodha imeongezwa baadaye. Kwenu hesabu ya kuondoka na kuomba upya ni nyingine kabisa. Angalieni orodha ilivyo siku hiyo.

Na mzee mwenyewe, mmemuuliza? Katika swali lako lote sikuona mahali aliposema anachotaka. Mimi nilipenda mjukuu kuliko kitu chochote, lakini miezi tisa ya kukaa ndani nikitazama theluji, bila jirani wa kupita na kusema hodi, ilianza kunikausha. Sikumwambia binti yangu, nikihofia ataona sina shukrani. Alijua niliposhuka Voi nikampigia simu huku nikicheka na watu stendi. Baba yako ni mtu wa reli, amezoea watu. Ana dawa gani za kila siku, na anazinunua kwa bei gani huko bila bima? Pensheni yake inaingia bila yeye kujihakiki? Shamba lina nani? Kaa naye peke yenu, bila jamaa, bila spika ya simu, umuulize.

Halafu rudi hapa uandike tarehe iliyo juu ya ile barua na tarehe ya mwisho ya I-94. Hizo mbili tu, usiweke jina wala namba ya kesi. Nitahesabu nawe siku zilizobaki leo hii hii.