Mkono Mpaka Chini ya Gunia

Binti yangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu hapa kibandani. Unasema umepata nafasi mbili za shahada ya uuguzi, moja chuo cha binafsi huko Kampala, nyingine Chuo Kikuu cha Busitema, na unauliza: "Mama, nitajuaje kipi kinanifaa?" Nimeshukuru umeuliza kabla hatujalipa.

Kukubaliwa peke yake hakutoshi, mama. Pointi za S.6, mtihani wa kidato cha sita, zimeonyesha una uwezo, Biolojia na Kemia zikizidishwa mara tatu. Lakini pointi hazijui kwamba penye watu wengi hunyanyui mkono. Mimi najua. Nesi alipokuwa akija kumfunga bibi yako kidonda cha mguu, ulimshikia taa na kumuuliza mpaka akacheka: kwa nini maji ya chumvi, kwa nini bendeji isikazwe sana. Mwaka huohuo mwalimu wako wa Kemia alikuwa hata hajaisikia sauti yako. Basi ukifika chuoni, kabla ya kutazama majengo, uliza hivi: kwenye kitanda kimoja cha mgonjwa husimama wanafunzi wangapi? Na mwalimu wao huwa yupo, au huachiwa manesi wa zamu? Waulize wanafunzi wenyewe, hasa wa mwaka wa tatu. Wa kwanza bado wana furaha ya kuingia.

Unajua ninavyonunua maharage. Yanayong'aa huwekwa juu. Mimi huingiza mkono mpaka kiwiko, nikatoa ya chini, nikalivunja moja kwa jino. Kwa hiyo nenda siku ya kazi, si siku walipoalika wageni. Omba uone chumba cha mazoezi, kile chenye midoli ya kujifunzia sindano. Nilipomsindikiza binamu yako kwenye chuo kimoja, chumba hicho tulionyeshwa kupitia dirishani. Mlangoni palikuwa na kufuli lenye kutu, kutu imeingia hadi kwenye tundu la ufunguo. Mwenyeji wetu akasema wanafunzi walikuwa humo jana yake. Nililitazama lile kufuli, nikamshika binamu yako mkono, tukaondoka.

Kibali nacho. Tangu sheria ya 2001 Uganda tuna Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ndilo hutoa vibali, na haitoshi chuo kiwe na kibali, kozi yenyewe lazima iwe nacho, na kibali cha kozi kina muda wake. Mwaka 2023 nchi nzima iligundua kwamba kozi nyingi muda wake ulikuwa umekwisha, hata za vyuo vikubwa. Na wewe unataka kuwa muuguzi: baada ya shahada, bila kusajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga huruhusiwi kumgusa mgonjwa. Waulize hao pia, usiridhike na maneno ya chuo. Mama yako mdogo alisoma mpaka mwisho, ada imetoka kwenye ng'ombe wa babu, ndipo akaambiwa kozi ile haikutambuliwa. Cheti chake kipo mpaka leo ndani ya nailoni chini ya kitanda. Sijawahi kukusimulia hili kwa sababu bado linamuuma.

Halafu usidanganywe na jina la mahali. Busitema yenyewe iko hapa jirani, barabara ya Tororo, lakini uuguzi hufundishwa Mbale, karibu na Hospitali ya Rufaa. Ndiko utakakoishi na kufanyia mazoezi. Hicho cha Kampala, je, wanafunzi wake huenda hospitali ipi? Wakikujibu "tunazo nyingi", omba jina la moja, kisha panda boda ukaione.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Mkopo wa serikali, ukiupata, hulipa ada. Chumba na chakula ni juu yetu. Tutajipanga. Usichague chuo kwa kunionea huruma.

Moyo wangu uko Mbale, nakiri. Lakini sababu yangu moja haina uzito: ni karibu na mimi. Hiyo usiihesabu. Ukikuta Kampala kuna mwalimu kitandani na wanafunzi wachache, nitakufungia mizigo mwenyewe.

Nauli nimekutumia kwenye simu ya shangazi. Kesho kutwa nenda hicho cha Kampala asubuhi, kabla vipindi havijaisha. Jumanne nafunga kibanda, tukutane stendi ya taksi Mbale saa tatu. Vaa viatu vya zamani, tutatembea sana. Na ukitoka huko Kampala nipigie usiku uleule, uniambie mlango wa chumba cha mazoezi uliukuta umefunguliwa au la.

Mama yako,
Busia