Maswali na majibu: Dashibodi inaonyesha meseji zimefika, mbona mauzo hayaeleweki?

Swali: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Ninasimamia mauzo katika duka la taa za sola za kuvulia dagaa hapa Kirumba, Mwanza. Tangu mwezi wa Mei tumekuwa tukitangaza bidhaa zetu kwa meseji, simu na safari za mialoni, yaani kwenye fukwe wanakoshusha samaki wavuvi. Tuna namba 2,400 za wamiliki wa mitumbwi wa Igombe, Kayenze, Ukerewe na kisiwa cha Kome, na kila namba imetumiwa meseji mara tatu. Dashibodi yetu, yaani ukurasa wa kompyuta unaojumlisha takwimu za kampeni, inaonyesha meseji 7,200 zilizotumwa, 6,840 zilizofika (asilimia 95), majibu 432 na mauzo 54. Mkurugenzi anaona grafu ya kila wiki ikipanda na kushuka bila mpangilio, na anauliza kama kampeni iendelee au isimame. Vilevile anataka kumwondoa afisa aliyeuza seti 3 katika simu 40, kwa kuwa mwenzake ameuza 5 katika simu 40. Nimwonyeshe takwimu zipi?

Jibu: Ndugu yangu wa Kirumba, nakushukuru kwa kuleta hesabu zenyewe badala ya malalamiko ya jumla, kwa sababu ndani ya hizo namba chache ulizoandika karibu kila tatizo lenu linaonekana. Dashibodi yenu haisemi uongo. Inahesabu meseji, ilhali mkurugenzi anauliza habari za watu, na inahesabu kwa kalenda ya ofisi, ilhali wateja wenu wanaishi kwa kalenda ya mwezi wa angani.

Nianze na asilimia. Kila asilimia ni sehemu yenye kiasi juu na asili chini, yaani namba inayogawanywa na namba ya kugawia, na makosa mengi ninayoyakuta kwenye dashibodi za mauzo yamo kwenye asili. Mkigawanya mauzo 54 kwa meseji 6,840 zilizofika mtapata asilimia 0.8, na mtu yeyote akiiona ataifunga kampeni siku hiyo hiyo. Lakini meseji haziwezi kununua taa. Walioweza kununua ni wavuvi, nao hawafiki hata 2,400, kwa sababu orodha za namna hii huwa na marudio: namba ileile imeandikwa mara moja ikianza na 0, mara nyingine ikianza na 255, na mfumo unaihesabu kuwa ya watu wawili. Mwenye laini mbili naye amehesabiwa mara mbili. Wakati mwingine mwenye chombo na nahodha wake wote wamo, ingawa uamuzi wa kununua ni mmoja na pesa ni ya mmoja. Safisheni orodha kwanza, muandike namba zote kwa mtindo mmoja wa 255, kisha kila chombo kiwe na mstari wake mmoja. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba baada ya usafi huo wamebaki wamiliki 2,100. Mauzo yaleyale 54 sasa ni asilimia 2.6 ya watu mliowafikia, jambo ambalo mkurugenzi anaweza kulipima dhidi ya gharama na faida ya kila seti.

Majibu 432 nayo yasiingie kwenye hesabu kabla hayajasomwa. Aliyeuliza bei, aliyeomba afisa afike mwaloni, aliyeandika "nani mwenzangu?" na aliyewataka mwache kumtumia meseji wote wamejibu, lakini wawili wa mwisho hawapaswi kupamba kampeni. Napendekeza afisa mmoja atenge dakika chache kila jioni kuyagawa majibu katika mafungu hayo manne, na dashibodi ionyeshe idadi ya watu walioonyesha nia badala ya idadi ya majibu. Kazi hiyo inachosha, lakini sijaona programu inayoifanya vizuri kuliko mtu anayejua lugha ya mwaloni.

Kuhusu ile asilimia 95, iondoeni kwenye ukurasa wa mkurugenzi. Taarifa ya kufika kwa meseji ya kawaida humaanisha kwamba simu imeipokea, wala haina uwezo wa kueleza kama mwenye simu ameisoma. Inafaa kupima ubora wa orodha: ikishuka ghafla, namba zimekufa au mtoa huduma wenu ana hitilafu. Mkiongeza barua pepe, msiifuate vilevile asilimia ya barua zilizofunguliwa, kwa kuwa tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za siri zinazopima ufunguaji hata kama mpokeaji hajaigusa barua.

Kabla sijaacha habari ya meseji, tazameni pia gharama. Meseji moja hubeba herufi 160, na ikizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153, kila kipande kikilipiwa peke yake. Kiswahili chetu kinaingia vizuri katika kipimo hicho kwa sababu hakitumii herufi zenye alama za juu. Lakini mkiweka hata kikatuni (emoji) kimoja cha samaki au cha taa, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo wa uandishi, nafasi inashuka hadi herufi 70, na vipande vyake vinakuwa vya herufi 67. Ujumbe wa herufi 150 wenye kikatuni kimoja hulipiwa vipande vitatu, kwa hiyo meseji zenu 7,200 zingelipiwa kama 21,600. Gharama ya kumpata mnunuzi mmoja ihesabiwe kwa vipande vilivyolipiwa, pamoja na muda wa maongezi, nauli za kivuko na posho za safari.

Sasa nije kwenye grafu inayopanda na kushuka, maana hapa ndipo kampeni nzuri huuawa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta dagaa wakati wa giza. Mbalamwezi ikishika, taa hupoteza nguvu na wavuvi wengi hupumzika, wakashona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Kwa hiyo mteja wenu ana majira mawili ndani ya kila mwezi. Wakati wa mbalamwezi ana nafasi, anashika simu mchana, anaweza hata kuja mjini kuangalia taa, lakini mfuko umeanza kukauka. Wakati wa giza anavua usiku kucha na kulala asubuhi baada ya kuanika au kuuza, simu hapokei, ila pesa ndiyo inaingia. Mkitazama dashibodi ya wiki, mtaona wiki yenye majibu mengi bila mauzo, ikifuatwa na wiki yenye mauzo bila majibu, na mtadhani maafisa wamelegea ilhali hakuna kilichoharibika.

Niliwahi kushauri biashara moja ya vifaa vya uvuvi iliyosimamisha kampeni yake katikati ya mbalamwezi kwa sababu taarifa ya Jumatatu ilionyesha simu nyingi na mauzo kidogo. Wiki mbili baadaye pesa za wavuvi wale wale zikaingia, na zote zikaandikwa kwenye kampeni mpya iliyokuwa imeanza siku chache tu. Nilisikitika sana, kwa sababu vijana waliozunguka mialoni ndio walioifanya kazi ile na wakaitwa wazembe.

Dawa yake ni kuacha kulinganisha wiki na wiki, na kulinganisha mwezi mwandamo na mwezi mwandamo. Kutoka mwezi mchanga hadi mwezi mchanga ni takribani siku 29.5. Wengine hudhani wiki nne zinatosha, lakini siku 28 hupungukiwa na siku moja na nusu kila mzunguko, na baada ya mizunguko kumi mtakuwa mmeteleza siku 15, mkilinganisha giza na mbalamwezi bila kujua. Ongezeni kwenye jedwali la data safu moja inayosema tarehe hiyo ni siku ya ngapi tangu mwezi kuandama, kisha grafu ichorwe kwa safu hiyo. Ni hesabu rahisi ya kutoa tarehe kwa tarehe, wala haihitaji programu mpya.

Jambo la pili linaloendana na hilo ni kuwapanga wateja kwa rika. Kwa sasa dashibodi inachukua mauzo ya wiki hii na kuyagawa kwa watu mliowasiliana nao wiki hii, ingawa walionunua wiki hii huenda walipigiwa simu majuma matatu yaliyopita. Waliofikiwa kwa mara ya kwanza katika mwezi mwandamo mmoja wahesabiwe kuwa rika moja, na rika hilo lifuatwe: wangapi walionyesha nia, wangapi walitembelewa, wangapi walilipa malipo ya kwanza, wangapi walimaliza. Rika la Mei lipimwe likiwa na umri wa siku 59, yaani miandamo miwili, na rika la Juni nalo lisubiriwe lifike umri huo kabla ya kulinganishwa. Hapo mkurugenzi ataona kama ujumbe mpya ni bora kuliko wa zamani, jambo ambalo grafu ya wiki haiwezi kumwonyesha kamwe.

Angalieni pia saa. Mifumo mingi ya taarifa hutunza saa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Isiporekebishwa, malipo yanayoingia kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku huandikwa siku ya nyuma. Kwa duka la nguo isingekuwa neno, lakini wateja wenu wako macho saa hizo. Vilevile gawanyeni simu zisizopokelewa kwa saa zilizopigwa kabla hamjaziita namba mbovu. Mvuvi aliyerudi alfajiri akapigiwa saa tatu asubuhi yuko usingizini, na dashibodi isiyojua hilo itamfuta kwenye orodha.

Linabaki swali gumu zaidi, nalo ni kama mauzo 54 yameletwa na kampeni au yangekuja tu. Malipo ya simu hayatasaidia sana, kwa kuwa pesa mara nyingi hutoka kwa namba ya mke, ya ndugu au ya wakala. Mwulizeni kila mnunuzi kaunta amesikia wapi, na jibu liandikwe palepale. Zaidi ya hapo, tengeni kundi lisilofikiwa na kampeni, mlilinganishe na waliofikiwa. Watu wengi hutenga mtu mmoja katika kila kumi, lakini mwaloni habari hazifichiki. Aliyepata meseji humsimulia jirani yake kabla jua halijatua, na kundi lililotengwa linakuwa limefikiwa bila meseji. Kwa hiyo tengeni mialo badala ya watu. Mwandamo mmoja mpeleke kampeni Igombe na Kayenze isubiri, mwandamo unaofuata mbadilishe, na mtazame kama mauzo yanafuata kampeni au yanafuata giza peke yake. Mialo miwili ni michache mno kwa hitimisho zito, hivyo rudieni kwa visiwani pia kabla ya kupanga bajeti ya mwaka.

Kuhusu yule afisa wa seti 3, naomba mkurugenzi asimwondoe kwa ushahidi huu. Tatu katika 40 ni asilimia 7.5 na tano katika 40 ni asilimia 12.5, tofauti ya pointi tano. Kwa simu chache kiasi hicho, kosa la kawaida la tofauti hiyo, yaani kipimo cha jinsi inavyoweza kuyumba kwa bahati, ni karibu pointi 6.7, kwa hiyo bahati peke yake inaweza kuizalisha kwa urahisi. Tena, kabla ya kuwapima, ulizeni nani alipewa orodha ipi. Aliyepangiwa Ukerewe na Kome anapanda kivuko na kutegemea mtandao wa visiwani, na aliyepangiwa Igombe yuko ndani ya Manispaa ya Ilemela, mlimo duka lenu. Changanyeni orodha, kila mmoja apate majina ya bara na ya visiwani kwa kura, na wapigiwe kwenye majira yaleyale ya mwezi. Wakifikisha simu mia kadhaa kila mmoja, mazungumzo juu yao yatakuwa ya haki.

Mwisho ni suala la usiri, ambalo ni fupi lakini la lazima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mvuvi ni taarifa binafsi. Ukurasa wa mkurugenzi uonyeshe jumla tu. Majina na namba vibaki kwa maafisa wanaovihitaji, na aliyeomba asitumiwe meseji aondolewe siku hiyo hiyo.

Ukurasa huo, kwa maoni yangu, uwe na mambo manne: wamiliki waliofikiwa katika rika, walioonyesha nia, waliolipa, na gharama kwa kila aliyelipa, yote yakiwa yamepangwa kwa mwezi mwandamo na kwa mwalo. Anzeni kuujaza mwezi ujao utakapoandama, na orodha iwe imesafishwa kabla ya siku hiyo.