Ukitangaza barabara imefungwa, kumbuka kuifungua

Juzi kijana mmoja wa Masasi ameniandikia: "Dada, redio yetu ya jamii imenipa kipindi cha madereva. Nianzie wapi?" Nikacheka peke yangu. Yeye kapewa! Mimi nilikiomba miezi hapa Lindi, nikaambulia dakika kumi za alfajiri, kabla ya matangazo ya vifo.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, dakika kumi zikawa siku nzima. Barabara ya Dar ilikatika Somanga, maji yamezoa kifusi na lami, mabasi yamepanga mstari huku na huku. Simu yangu haikutulia. Konda kakwama Nangurukuru, ananipigia. Wa lori yuko Mbwemkuru, ananipigia. Napokea, nauliza, nasoma hewani. Nasema bila aibu, wiki ile mji ulikuwa wangu. Nikikatiza stendi, mama ntilie wanapandisha sauti ya redio wanionyeshe kwamba wako na mimi.

Halafu nikaharibu. Usingizi ulinizidi, nikarekodi tangazo: "Barabara imefungwa, msitoke Lindi." Likapangwa kwenye kompyuta lijirudie kila nusu saa. Njia ya muda ikapatikana, magari yakaanza kuvushwa, na sauti yangu bado inaimba imefungwa, imefungwa. Kuna mzee wa pweza alinitii. Siku iliyofuata akaja studio na deli lake, akalitua juu ya meza ya mapokezi, akafunua mfuniko. Barafu yote imekuwa maji ya rangi ya chai. Harufu sitaieleza. "Mwanangu, nimekusikiliza wewe," akasema, akaondoka. Deli akaniachia.

Wiki ileile kipindi akapewa mwenzangu. Nikaambiwa nipumzike kidogo. Napumzika mpaka leo, na roho inauma, maana wazo lilikuwa langu tangu mwanzo.

Basi, mdogo wangu, shika haya. Kila tangazo litaje saa: "hali ya saa nne asubuhi hii ni hivi." Taja mahali kama dereva anavyopaita, umeshapita Nangurukuru, hujafika Somanga, siyo kwa namba za barabara zilizoko ofisini. Habari ya hatari usiirekodi, na ukilazimika, ipangie muda wa kufa. Na utaje saa. Nimeshasema? Nasema tena.

Kubwa zaidi nililijua nimeshatolewa. Nilikuwa kwenye Noah natoka Mtwara, nikamwomba dereva afungue redio yetu. "Dada, ile humu haishiki." Gari la Japani! Redio za kule nyingi hupokea FM kuanzia masafa ya 76 hadi 90 tu, za karibuni zinafika 95. Sisi tuko juu ya 100. Bila kile kidude mafundi wanachounga kwenye waya wa antena, hunipati. Miezi yote ile nawaita "madereva wangu", kumbe wengi wao walikuwa wanasimuliwa na mama ntilie wakishuka kula! Na hata mwenye kidude, kikiingia kilima mbele yake, FM inakwama hapo.

Marekani wana vituo vidogo vya AM kando ya barabara, wati 10 tu, na kibao kinamwelekeza dereva afungue masafa yapi. Sisi hata kibao hatuna. Kwa hiyo zungumza na wanaomfikia dereva: wauza mafuta, bodaboda wa njia panda ya Mingoyo, mama ntilie. Hao ndio mnara wako wa pili, waheshimu, wapigie simu kwa majina. Mtangazaji anayejisikiliza mwenyewe hamsaidii mtu, na nayajua haya kwa kuwa nilikuwa yeye.

Kijana nimemjibu kwa swali moja tu: "Masafa yenu ngapi?" Tiki mbili za bluu tangu Jumatatu. Kimya.