Timu yako ikifika mbali Afrika, usisubiri fainali

Mwananchi mwenzangu, shabiki wa Yanga, unayetunza hela ya kiingilio ili uje kwa Mkapa, uwanjani Dar, siku ya fainali tu, nakushauri ubadili hesabu. Msimu wa 2022/23 Yanga tulibeba Ngao ya Jamii, ubingwa wa 29 wa ligi na Kombe la Azam, tukafika na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Katika mechi zote hizo, fainali ya Afrika ndiyo iliyoninyima raha.

Raha ilikuwa kwenye makundi. Tulianza kwa kupigwa 2-0 na Monastir kule Tunisia, watani wetu Simba wakapata la kusema. Mazembe ya Kongo akaja Dar akala 3-1. Baadaye Monastir naye akaja, akarudishiwa 2-0 zake. Mechi za namna hii unakaa unapotaka, msimu ule mshambuliaji wetu Mayele alikuwa akifunga anatetema, ile staili yake ya kushangilia, ukimwona vizuri, na unaona yale ambayo kamera huyaacha: mpira uko kule mbele, kipa wetu Diarra ametoka golini kitambo, anawapanga mabeki kwa mikono kama kondakta wa daladala.

Fainali ya kwanza na USM Alger ya Algeria, hapo kwa Mkapa, Mei 28, mtu mmoja alifariki na wengine 30 wakajeruhiwa kwenye msongamano uwanjani. Kwa hiyo mechi kubwa ingia saa kadhaa kabla, tiketi iwe tayari kwenye N-Card, ile kadi ya kielektroniki ya kuingilia, tangu nyumbani, na mkubaliane mtakutana wapi mkipotezana. Ukikuta watu wanasukumana getini, rudi nyuma. Goli la mapema utaliona kwenye simu.

Kanuni nazo zijue mapema. Tulifungwa 2-1 nyumbani, Juni 3 tukashinda 1-0 Algiers kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2. Kwenye banda la kuonyesha mpira nililokuwepo kuna waliokuwa wanasubiri matuta, kumbe kombe lilishaondoka kwa goli la ugenini: wao walifunga mawili kwetu, sisi moja kwao!

Halafu usinune muda mrefu. Siku 9 baadaye tulikuwa Uwanja wa Mkwakwani, Tanga, kwenye fainali ya Kombe la Azam, Musonda wetu akaifunga timu ya Azam 1-0, tukabeba kombe la tatu la msimu. Wengi walibaki Dar wakiuguza Algiers, na baadhi yao walikuwa na nauli. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu kati ya jezi mpya na safari kama ile, panda basi na jezi ya zamani.