Mzee aliyekuja na bega

Juzi mwanafunzi mmoja wa uafisa wa kliniki hapa Mombasa aliniandikia. Ameanguka mtihani wa vitendo, sehemu ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Neva 12 za kichwa anazitaja kama sala, ila mgonjwa akikaa mbele yake anakwama. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nilianguka vibaya zaidi, na haukuwa mtihani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mshona kanzu wa Mji wa Kale aliletwa na bintiye. Bega la kulia limekaza. Nikalizungusha, nikamwandikia dawa ya maumivu. Akarudi mara tatu, nami nikalitibu bega mara tatu. Mara ya nne alimkuta mkubwa wangu, ambaye alimtazama tu akiingia: mkono wa kushoto unapunga, wa kulia umelala ubavuni. Akamwambia, "Mzee, hebu niandikie jina lako mara tano." La tano likawa dogo kama sisimizi. Akamuuliza habari za harufu. Binti ndiye aliyejibu kwamba baba siku hizi hajui udi umewashwa mpaka aone moshi. Na mkono ulipotulia pajani, kidole gumba na cha shahada vikaanza kubiringishana, kama anasokota uzi. Aliponyanyua kikombe, vikatulia.

Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokaza mwili na kupunguza mwendo. Kisha bosi akanigeukia mbele ya binti: "Wewe ulikuwa unatibu bega au mtu?" Angeweza kuniita pembeni. Bado lanichoma.

Basi, mdogo wangu, anza mlangoni. Acha kalamu, mwangalie anavyotembea, anavyogeuka, anavyofungua vifungo. Mwambie anyooshe mikono, viganja juu, afumbe macho. Mmoja ukishuka ukijigeuza, fikiria ubongo. Mdomo umepinda? Mwambie ainue nyusi. Paji likikunjika pande zote mbili, hofia kiharusi na ukimbizane na saa. Likigoma upande uleule, huenda ni neva ya uso yenyewe. Na unyayo usiusahau, ukwaruze: tangu daktari Babinski aeleze mwaka 1896, kidole gumba cha mtu mzima kikipanda juu si mtekenyo, ni dalili ya hitilafu kwenye ubongo au uti wa mgongo.

Nyinyi vijana mnakimbilia CT, ile picha ya ndani ya kichwa. Ugonjwa wa mzee yule kwa kawaida hauonekani kwenye CT. Macho, jamani! Macho kwanza!

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya feri Likoni, nilimwona bwana mmoja mkono mmoja unapunga, mwingine umelala. Nikamfuata, nikamwamkia, nikamuuliza kama bado anasikia harufu ya udi. Akashika mfuko wake, akaniambia leo hanunui.